Mdalasini au njegere za ganda tamu? Mwinuko ndio unaoamua

Kwenye vitalu vya miche vya Muheza, Morogoro na Unguja, mdalasini unauzwa kwenye kiriba sawa na mwembe au mparachichi: mche wa futi moja hivi, majani ya chini ya kijani na yale machanga ya juu mekundu kabisa. Kwenye maduka ya pembejeo ya Arusha, Nyeri au Nakuru, njegere za ganda tamu zinauzwa kwenye pakiti, mbegu zilizokunyata, aghalabu zimepakwa dawa ya rangi ya waridi au buluu. Ni nadra kuvikuta vyote viwili kwenye duka moja, na nadra hiyo ina sababu yake.

Siku hizi, hata hivyo, bustani hupangwa kwenye simu kabla ya kupangwa ardhini. Mkazi wa Kigamboni anaona picha ya njegere zilizoning'inia kwenye wavu, ganda limenenepa, likivunjwa linalia, naye anataka hizo hizo. Mkazi wa Njombe anaona mtu wa Unguja akikwangua gome la mdalasini na kulinusa, naye anataka mti wake mwenyewe. Maswali ni mawili ila jibu linatoka mahali pamoja.

Nilitoe mapema, asiye na muda aende zake. Kama unaishi chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, panda mdalasini na usahau njegere hizi. Kama unaishi juu ya mita 1,500, panda njegere, na mdalasini uwe wa kununua. Katikati ya hapo ndipo penye mjadala, nami nitapafikia.

Sababu zake ndizo zenye utamu, kwani mimea hii miwili, isiyofanana kwa umri, kimo wala ukoo, inafanana kwa jambo moja la ajabu: tunachokula ni ganda. Kwenye mdalasini tunatupa mti tunabaki na gome. Kwenye njegere hizi tunakula kile ambacho mpishi wa njegere za kawaida anakipukuchulia mbuzi. Karibu kila kinachofanyika shambani, tangu mbegu mpaka siku ya kuvuna, ni juhudi ya kulipata ganda hilo likiwa laini, au jembamba, au lenye sukari, kwa wakati wake.

Njegere zipi hasa

Njegere zote tunazozizungumzia ni mmea mmoja, Pisum sativum, lakini jikoni ziko za namna tatu. Kuna za kupukuchua, zile za wali na za kuungwa nazi, ambazo Wakenya wengi huziita minji. Kuna za ganda bapa, zinazovunwa mbegu zikiwa hazijaonekana, ganda likiwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Na kuna hizi za ganda tamu: ganda nene, la duara, mbegu zimejaa ndani, na vyote vinaliwa kwa pamoja, vibichi au vilivyopitishwa motoni dakika mbili.

Tofauti kati ya ya kwanza na hizi mbili za mwisho unaweza kuiona kwa macho. Chukua njegere ya kupukuchua iliyokomaa, toa mbegu, kisha livunje ganda bila kulikata na uvute taratibu. Upande wa ndani utabanduka utando mweupe, unaong'aa, mgumu. Huo ndio unaokufanya uteme ukijaribu kutafuna. Mmea unautumia kwa kazi yake wenyewe: ganda likikauka, utando ule husinyaa, ganda hujisokota na kupasuka, mbegu zikarukia mbali. Njegere zinazoliwa na ganda lake hazina utando huo, au zinao kidogo sana, kwa sababu ya hitilafu ya urithi ambayo wakulima waliipenda na kuitunza kwa karne nyingi.

Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyechapisha kazi yake ya urithi mwaka 1866, aliiona hitilafu hiyo. Kati ya tabia saba za njegere alizozifuatilia, moja ilikuwa umbo la ganda: lililotuna au lililobana mbegu kiunoni. Yale yaliyobana ndiyo yasiyo na utando, maana hayana kitu kigumu cha kuyashikilia yakae yametuna.

Kwa hiyo kwa muda mrefu ukitaka kula ganda ilibidi uridhike na ganda bapa. Mabadiliko yalikuja miaka ya mwisho ya 1960 huko Twin Falls, Idaho, Marekani, pale mtaalamu wa mbegu Calvin Lamborn alipochukua mmea mmoja wa njegere za kupukuchua uliotokea na maganda manene kuliko wenzake, akauchanganya na njegere za ganda bapa. Baada ya vizazi kadhaa alipata ganda nene lisilo na utando. Aina hiyo, Sugar Snap, iliingia sokoni mwaka 1979 na mwaka huo huo ikapewa medali ya dhahabu na All-America Selections, taasisi ya Marekani inayojaribu aina mpya za mbegu za bustani. Yaani mboga hii inayoonekana kama ya siku nyingi ina umri mdogo kuliko watu wengi wanaoilima.

Sugar Snap ya asili hupanda karibu mita mbili na ina uzi mgumu mgongoni unaopaswa kuvutwa kabla ya kula. Aina zilizofuata ni fupi, nyingine hazina uzi. Ukinunua pakiti, soma kimo chake kwanza. Wengi huweka fito za nusu mita kwa mmea unaotaka mita mbili, kisha wanalaumu mbegu.

Mdalasini upi

Upande wa mdalasini mkanganyiko ni mkubwa zaidi, na una uzito wa kiafya. Kinachouzwa dukani kama mdalasini kinatoka kwenye miti kadhaa ya ukoo mmoja. Mdalasini wa kweli, Cinnamomum verum, asili yake ni Sri Lanka na kusini mwa India. Halafu kuna wa China, kuna wa Indonesia, na kuna wa Vietnam. Hii mitatu ya mwisho, ambayo wafanyabiashara huiweka kwenye fungu moja la kasia, ni mikali zaidi, ya bei nafuu, na ina kumarini nyingi.

Kumarini ni kemikali yenye harufu nzuri ambayo ikizidi inaweza kuumiza ini kwa watu wenye wepesi wa kudhurika nayo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anaruhusiwa miligramu 6, na kiasi hicho kinaweza kufikiwa kwa gramu 2 hivi tu za unga wa kasia, pungufu ya kijiko cha chai kilichojaa. Mdalasini wa kweli una chembe tu. Kwa pilau ya Ijumaa haijalishi. Kwa anayekoroga unga wa mdalasini kwenye chai kila asubuhi akitafuta dawa ya sukari, inajalisha sana. Hii, kwangu, ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kupanda mti wako mwenyewe: unajua unachokunywa. Hakikisha tu kitalu kimekuuzia aina iliyo sahihi.

Kipimo maarufu ni kuangalia kijiti: cha kweli ni ngozi nyingi nyembamba zilizoviringwa pamoja kama mkeka uliokunjwa, kinavunjika kirahisi mkononi, cha kasia ni ganda moja nene, gumu, lililojikunja pande mbili. Kipimo hicho ni kizuri kwa bidhaa ya kiwandani, lakini huku kwetu kinaweza kudanganya. Wakulima wengi wa Uluguru na Tanga huangusha mti mkubwa mzima na kuambua gome la shina, kwa hiyo utakuta sokoni vipande vinene, vya kahawia, vigumu kama mbao, na bado ni mdalasini wa kweli. Unene wake unatokana na umri wa shina.

Kwa mti ulio hai, pima kwa pua. Sugua jani la mdalasini wa kweli na utasikia harufu ya karafuu, kwa kuwa mafuta ya jani lake yamejaa eujenoli, kemikali ile ile ya karafuu. Gome linanukia mdalasini wenyewe. Mzizi, ukiukwangua kidogo, unanukia kafuri, mpaka mtu anadhani amefungua kopo la dawa ya kuchua kifua. Waongozaji wa watalii kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, Unguja, hupenda sana kumaliza maelezo yao kwa mzizi huo, na wana haki: harufu tatu kwenye mti mmoja si jambo la kila siku.

Baridi na joto

Sasa turudi kwenye mwinuko. Njegere ni mmea wa baridi. Mbegu yake huota hata udongo ukiwa na nyuzi 5, ingawa kwa kujivuta, na mmea hustawi zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzi 13 na 20. Joto likipita 27 unaanza kuchoka. Karibu na 30 maua hudondoka bila kufunga, na yale maganda machache yanayofunga huwa mafupi, ya nyuzinyuzi, yamepoteza utamu uliokufanya uyapande. Julai ndio mwezi wa ubaridi Dar es Salaam, na bado mchana unafika nyuzi 28 au 29. Mmea utaota, utapanda, utakupa matumaini, kisha utakuangusha kwenye maua.

Ndiyo maana njegere za maganda za Afrika Mashariki zinatoka juu. Nchini Kenya zimelimwa kwa ajili ya soko la Ulaya huko Nyandarua, Meru, Nyeri na kandokando ya Mlima Kenya. Tanzania ni miteremko ya milima ya Meru na Kilimanjaro. Kwa mkulima wa bustani ya nyumbani, Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru na Kinangop ni pahali pake. Tahadhari moja: penye baridi kali ya umande kuganda, mimea michanga huvumilia lakini maua hayavumilii. Pangilia tarehe ya kupanda ili maua yasikutane na majuma yale mabaya.

Mdalasini ni kinyume chake. Unataka joto la nyuzi 20 hadi 30 mwaka mzima, mvua ya milimita 1,250 hadi 2,500, na hewa yenye unyevu. Umande ukiganda mara moja tu, mche umekwisha. Kupanda juu sana hakuuui mara zote. Mara nyingine unasimama tu, miaka mitano, majani machache, gome lisilo na harufu ya maana. Huo nao ni msiba, tena wa polepole, kwa sababu mtu anaendelea kuutunza.

Kwa anayeishi Pwani na kiu yake ni ya kutafuna ganda bichi la kunde lenye utamu, jibu lake ni kunde zenyewe. Maganda machanga ya kunde, yakichumwa kabla mbegu hazijatuna, yanapikwa vizuri sana na mmea haujali joto. Mbaazi nazo zitampa mbegu za kijani za kupukuchua mwaka hadi mwaka kwenye udongo ambao njegere zingekufa wiki ya tatu. Si njegere, lakini zinazaa.

Chini ya ardhi

Mimea hii inaishi na udongo kwa namna mbili tofauti kabisa. Njegere, kama maharage na kunde, ina mkataba na bakteria. Ng'oa mmea wenye mwezi mmoja na nusu, suuza mizizi, utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wa Rhizobium wanafanya kazi: wanachukua naitrojeni hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Rangi hiyo inatokana na kitu cha jamii moja na kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Vikiwa vyeupe au kijivu, kazi haifanyiki, ama kwa sababu bakteria wa aina hiyo hawapo kwenye udongo wako, ama kwa sababu umemwaga mbolea ya naitrojeni nyingi na mmea ukaona hauna haja ya mkataba. Anayezijaza njegere mbolea ya kukuzia hupata majani ya kupendeza na maganda ya kuhesabu.

Njegere zinataka udongo usio na uchachu mwingi, karibu na wastani. Mdalasini unastahimili na hata kupenda uchachu kiasi, udongo wa kichanga wenye mboji juu yake, na haumtegemei bakteria yeyote kwa naitrojeni. Samadi iliyooza na matandazo ya majani makavu vinautosha.

Vyote viwili vinachukia maji yaliyotuama, ila kwa mdalasini adhabu yake ina historia. Ukoo wake ni Lauraceae, ukoo wa parachichi. Mwaka 1922 kimelea kinachooza mizizi kilielezwa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye midalasini ya Sumatra, na kikapewa jina la mti huo: Phytophthora cinnamomi. Leo ndicho adui mkubwa wa mizizi ya parachichi duniani. Basi kama una kona ya shamba ambako miparachichi imenyauka moja baada ya nyingine mizizi ikiwa myeusi, usiifanye kona hiyo ya mdalasini. Njegere zina magonjwa yake: kinyausi kwenye miche, mnyauko wa mizizi, na ubwiri unga, ile poda nyeupe inayotanda kwenye majani msimu ukikauka. Dawa ya kwanza ya hayo ni kutorudisha njegere kwenye tuta lile lile kwa miaka mitatu au minne. Kuhamisha mdalasini kila miaka minne haiwezekani, kwa hiyo ukikosea mahali umekosea kwa miongo.

Kuna wadudu pia, na hapa njegere ndizo zinazolemewa: vidukari, thripi, wachimbaji wa majani, na funza wanaotoboa ganda. Kumbuka kinacholiwa ni ganda lenyewe, halimenywi, kwa hiyo dawa iliyobaki juu yake inaingia tumboni moja kwa moja. Ndiyo sababu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage na njegere za maganda kutoka Kenya kwa ajili ya mabaki ya viuatilifu, na wakulima wadogo wengi wakaumia. Bustanini kwako huna mkaguzi. Chuma vidukari kwa mkono au vipige kwa maji, na kama ni lazima kunyunyiza, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Kuku nao ni wadudu wa aina yake: miche ya njegere yenye wiki moja ni karamu kwao.

Kusubiri, na kuvuna

Mbegu ya njegere kavu, ikihifadhiwa vizuri, inaweza kukaa miaka mitatu na bado ikaota. Mbegu ya mdalasini hufa ikikauka. Inapaswa kupandwa majuma machache tu baada ya kuchumwa, ikiwa imeoshwa nyama yake. Ukitumiwa mbegu za mdalasini kwa posta kutoka mbali, zikafika zimekauka na kunyauka, umenunua shanga. Nunua mche.

Njegere hupandwa moja kwa moja kwenye tuta, kina cha sentimita 3 hivi, umbali wa sentimita 5 hadi 7, pande mbili za wavu au kamba. Vikono vyake vyembamba hushika kitu chembamba: uzi, waya, fito ndogo. Nguzo nene haviwezi kuizunguka. Baada ya siku 60 hadi 75 unaanza kuchuma, na unaendelea wiki tatu mpaka sita, siku moja katika mbili, bila kukosa. Subiri ganda litune na kuwa la duara. Likiwa bapa bado halina sukari. Lakini likianza kupauka na mbegu kugusana kwa nguvu ndani, sukari imeshageuka wanga. Ukiacha maganda machache yazeeke kwenye mmea, mmea unadhani umemaliza kazi ya kuzaa na unaacha kutoa maua. Kula yale ya kwanza pale pale tutani, kwani utamu huanza kupungua tangu dakika ya kuchumwa, na friji inauchelewesha tu.

Mdalasini unataka miaka miwili hadi mitatu kabla hujaugusa, kisha unaukata. Hapa ndipo wengi hukwama, maana mkono unasita kukata mti uliolelewa. Ukiachwa utafika mita 10 hadi 15 na utakuwa mti mzuri wa kivuli, lakini gome la shina nene ni gumu na hafifu. Gome bora linatoka kwenye machipukizi ya miaka miwili, unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono wa mtoto. Kwa hiyo mti hukatwa sentimita kumi hivi juu ya ardhi, kisiki kikatoa machipukizi mengi, ukabakiza manne mpaka sita yaliyonyooka, ukayavuna kwa zamu. Kisiki kimoja kinaweza kukuzalishia hivyo miaka arobaini.

Siku ya kuvuna inachaguliwa na mvua. Subiri msimu wa mvua ushike, majani mekundu yamekwisha kugeuka kijani, kisha jaribu kisu kwenye tawi la pembeni: kama gome linaachia lenyewe, kata; kama linang'ang'ania, ngoja wiki nyingine. Kijiti kilichokatwa asubuhi kinaambuliwa siku hiyo hiyo. Kwanza kwangua ngozi ya nje, ya kijivu, mpaka utokee utando wa ndani ulio na rangi ya krimu. Kisha usugue kwa nguvu kwa kitu kigumu chenye uso laini. Waambuaji wa Sri Lanka hutumia fimbo ya shaba. Nyumbani mgongo wa kijiko kizito unatosha. Kusugua kunalegeza gome kwenye mti. Halafu piga mikato miwili ya urefu, pande mbili zinazotazamana, pitisha ncha ya kisu chini, na gome litatoka kama nusu mbili za bomba, likiwa na unyevu, jeupe upande wa ndani. Liweke kivulini. Saa chache baadaye linaanza kugeuka rangi na kujikunja lenyewe, na hapo ndipo unaweka kipande ndani ya kipande, vidogo ndani ya vikubwa, upate kile kijiti chenye tabaka nyingi. Jua la moja kwa moja mapema hulipasua. Vijiti vitupu vilivyobaki ni kuni nzuri, na majani yanafaa kwenye chai na pilau.

Kwa walio mbali na nyumbani

Mambo hugeuka ukitoka kwenye ikweta. Kwa Mswahili anayeishi London au Toronto, njegere ndizo rahisi: anazipanda nje mara tu baridi kali inapolegea, wakati nyanya bado ni ndoto, na anakula mwanzoni mwa kiangazi. Mdalasini kwake ni mti wa chungu, unaokaa ndani miezi yote ambayo usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na kutolewa nje kiangazi. Hautampa gome la kujivunia, lakini majani yake atayatumia. Kwa aliyeko Muscat, njegere zinawezekana zikipandwa Novemba, zivunwe kabla joto halijarudi. Mdalasini utapata tabu kwa hewa kavu na udongo wa chokaa, hata ukimwagiliwa kila siku. Na popote ununuapo mbegu, usichanganye njegere za kula na zile za maua ya mapambo yenye harufu, Lathyrus odoratus. Maganda yake yanafanana kiasi cha kumdanganya mtoto, na mbegu zake ni sumu.

Pale katikati

Ipo mikanda ambako mimea yote miwili inaweza kuishi: mita 900 hadi 1,300, penye mvua nyingi na miezi ya baridi ya kweli. Amani, kwenye Usambara ya mashariki, ni mfano mzuri. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakajaza mimea ya kila pembe ya tropiki, na mdalasini ni miongoni mwa iliyokubali bila kubembelezwa. Miteremko ya kati ya Uluguru nayo ni hivyo.

Mwenye shamba mahali kama hapo afanye hivi: apande midalasini umbali wa mita mbili, na kwa miaka miwili ya mwanzo, kabla vivuli havijakutana, nafasi iliyo katikati aipe njegere kuanzia Mei mwishoni, kila mwaka kwenye tuta jipya. Zitavunwa Agosti kabla joto halijarudi. Mizizi aiache ardhini akikata mashina, vinundu vioze pale pale vilishe midalasini. Asitarajie mavuno ya Kinangop. Aina fupi zinazowahi zinafaa kuliko Sugar Snap ya asili, na ubwiri unga utakuja, kwa hiyo achague mbegu iliyoandikwa kuwa inaustahimili. Mwaka wa tatu kivuli kitafunga na njegere zihame.

Lipo jambo moja zaidi kwa watu wa Amani na kwingineko karibu na misitu ya asili. Mdalasini huzaa matunda madogo meusi yanayopendwa sana na ndege. Mwaka 1772 Wafaransa waliuingiza Ushelisheli kwenye bustani ya viungo kisiwani Mahé. Mwaka 1780 bustani ikachomwa moto na wenyewe, kwa hofu kwamba meli iliyotokea upeoni ilikuwa ya Waingereza waliokuja kuiteka. Ilikuwa ya Wafaransa. Moto uliteketeza bustani lakini ndege walikuwa wamekwisha kubeba mbegu milimani, na leo mdalasini ni kati ya miti iliyotapakaa zaidi kwenye misitu ya kisiwa hicho, ukisonga miti ya asili isiyopatikana kwingine duniani. Njegere haiwezi kukufanyia hivyo. Ukiisahau msimu mmoja imekwisha. Mdalasini ukiusahau unapanda miti mingine. Ukiukata kila baada ya miaka miwili kama nilivyoeleza, hauna muda wa kuzaa sana, na ukiona tawi limebeba matunda yakianza kuwa meusi, likate kabla ndege hawajaliona.